Chai ya Pole na Vidole vya Baba

Baba alipoteza vidole viwili vya mkono wa kulia kwenye mashine ya kukatia nyasi za ng'ombe, katika shamba la maziwa alilofanyia kazi huko Subukia. Kifuniko cha mashine kilikuwa kimevunjika na hakuna aliyekitengeneza. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo na sina kazi, kwa hiyo nilisoma sheria ya fidia kwenye simu mpaka macho yakauma. Ilisema mfanyakazi akiumia kazini, mwajiri huripoti kwa ofisi ya serikali, na fidia hulipwa hata kama hakuna aliyekosea. Nilimsomea baba. Alinisikiliza kama anavyosikiliza redio.

Sheria haikusema lolote kuhusu chai. Kwetu, aliyemuumiza mwenzake akija na shopping ya vyakula, wakaomba pamoja na kunywa chai, maneno yamekwisha. Atakayeyafufua huonekana mtu wa kisirani. Mwenye shamba, ambaye pia ni mzee wa kanisa letu, alipotuma habari kwamba angekuja Jumamosi kutoa pole, nilimwomba mama asimpikie chai. Baadaye nikaona heri anywe, ila tusiitikie amina. Kisha nikaogopa kwamba tukimvunjia mgeni heshima, baba atafutwa kazi, na nyumba tuliyokaa ilikuwa ya shamba.

"Wewe ulisoma mpaka ukasahau mgeni hupewa chai?" mama aliuliza, akaongeza maziwa sufuriani.

Jumamosi mwenye shamba alikuja na unga, sukari na mafuta ya kupikia. Akazungumzia mvua, akamtania baba kwamba sasa watu watapumzika, maana salamu yake ilikuwa ikiwavunja mikono. Baba alicheka. Kicheko hicho nilikiona kama ushahidi dhidi yetu. Halafu mgeni akaomba, ombi refu, akamalizia kwa kumshukuru Mungu kwamba kati yao yote yamesamehewa. Tukaitikia amina. Hata mimi.

Baba akaweka kikombe chini.

"Mzee, msamaha umepata, na ni wa kweli," alisema. "Lakini vidole ni mambo ya ofisi. Jumatatu twende pamoja."

Mgeni alinigeukia. Akauliza kama ni huyu kijana aliyemfundisha maneno hayo.

"Huyu?" baba alisema. "Huyu alitaka hata chai usipewe."

Mama alicheka kwanza. Mgeni naye akacheka, si sana, akaniuliza hiyo ofisi iko upande gani wa Nakuru. Nilimweleza kwa urefu usiohitajika, pamoja na njia ya kupitia endapo barabara kuu ingefungwa.

Jumatatu mwenye shamba alichelewa, lakini alifika. Alijaza sehemu ya mwajiri kwenye fomu ya fidia, kisha tukaenda kwa daktari apime ulemavu wa mkono. Daktari alimwambia baba akunje ngumi. Baba akakunja kadiri mkono ulivyokubali, akaushikilia hapo mpaka daktari alipomaliza kuandika.