Forosadi zilivyoniumbua Kinama katikati ya mfungo

Wakuu, habari za mchana. Haya yamenikuta mwenyewe, sijaongeza chumvi, na sehemu za aibu nimeziacha humo humo.

Nilitoka Tabora na vijiti ishirini vya mforosadi wa nyumbani kwa marehemu mama, nimevifunga kwenye gunia lililoloweshwa. Treni hadi Kigoma, gari hadi mpakani Manyovu, halafu kando ya ziwa mpaka Bujumbura. Siku nne. Kila kituo namwagia gunia maji, abiria wanadhani nimebeba samaki.

Nikapanga chumba Kinama kwa mjane mmoja, Mama Zaina. Kazi yangu ilikuwa kupaka rangi maghala kule Zone Industrielle, eneo la viwanda. Akaniruhusu kupanda uani.

Wakuu, mmea huu ni sugu. Unachomeka kijiti cha unene wa penseli, macho matatu ya kuchipulia chini, mawili juu, unasahau. Jua kali upo, maji yakituama upo. Mwaka wa pili nilikuwa na ua mzima.

Sasa, Mama Zaina ana mdogo wake, Mwajuma, fundi cherehani, anaishi na kushonea hapo hapo nyumbani. Nikapeleka posa. Nikaambiwa nisubiri jibu siku ya Idi.

Confidence ikapanda. Nikaahidi nyumba nzima juisi ya forosadi siku hiyo. Mforosadi ukiukata matawi na kuunyonyoa majani, wiki chache tu unachipua na kuzaa. Nikapiga hesabu, nikakata.

Nilikosea hesabu. Ziliiva katikati ya Ramadhani, nyeusi, zinaning'inia, na mimi nimefunga.

Siku ya kwanza nilionja moja. Kitaalamu tu. Siku ya tatu nikawa nakagua shamba kila adhuhuri. Jioni nakaa kwenye mkeka wa futari kama sheikh, nawahimiza wenzangu wawe na subira.

Alasiri moja Mama Zaina akanikuta uani, Mwajuma nyuma yake.

"Shabani, hii rangi ku shati yako ni ya nini?"

"Ndege, Mama. Wananinyea."

"Fungua kinywa."

Nikafungua.

"Ee! Sasa we, ndege wanakunyaga mpaka ku ulimi?"

Mwajuma alicheka mpaka akakaa chini. Nikajua nimepona.

Sikupona. Siku ya Idi alinijibu mwenyewe, bila kucheka.

"Kula si kitu, Shabani. Ungetuambia tu umeshindwa. Lakini kila magharibi ulikuwa unatuhubiria. Mi siwezi kuishi na mutu wa hivyo. Apana."

Kumpita kwenye cherehani yake kila asubuhi nisingeweza. Wiki hiyo hiyo nikafunga mizigo.

Asubuhi ya kuondoka, Mwajuma akatoka na kisu.

"Nifundishe kukata mbele ya kuondoka."

Nikamwonyesha. Kata fupi, juu kidogo ya jicho, usiuonee huruma. Akakata tawi la kwanza, akaniangalia. La pili, akaniangalia. La tatu hakuniangalia tena.

Nikabeba begi. Bujumbura sijarudi.

Nilichojifunza: mforosadi hautakuangusha, panda hata kama huna mkono wa kilimo. Na ukishindwa jambo, shindwa kimya, usihubiri. Ila kwa wale wenzangu na mie tusiosikia, kuna forosadi nyeupe, hazichafui ulimi.

Nani mwingine kaumbuliwa na shamba lake mwenyewe? Semeni hapa chini, na mkinicheka nimeshazoea.