Wimbo wa Papa Timothée kwa Komisere

Zamani Kamina kwaya iliimba imesimama tuli, macho kwenye mkono wa kiongozi; leo hata pasta mwenyewe anakata kiuno madhabahuni, mikrofoni mkononi, na watu wanaita jambo hilo Roho Mtakatifu.

Papa Timothée asingelivumilia hata kwa ubeti mmoja. Alikuwa seremala wa mabehewa kwenye karakana ya reli, na mzee wa kanisa katika mtaa wa wafanyakazi wa reli. Kwaya ilikuwa mali yake kuliko nyumba aliyolala. Kabla ya mazoezi alipiga magoti na chaki, akamchorea kila mwimbaji duara kwenye sementi. Ukitoa mguu nje ya duara, unakaa benchi hadi Jumapili nyingine. Watu walimcheka, lakini sauti zile nne zilipopanda pamoja, hata walevi wa baa ya jirani walinyamaza.

Jumapili, baada ya matangazo, alieleza habari za juma. Alizisikiliza redioni Jumamosi, uso umekunjwa, kesho yake akazipima kwa Maandiko. Tai zimekatazwa na chama tawala? "Shetani hana haja na shingo zenu." Vijana wanavaa suruali pana chini kama miguu ya tembo? "Kitambaa cha watu wawili, na ndani hamna hata mtu mmoja." Majina ya ubatizo yakafutwa, kila mtu achukue la mababu na aitwe "sitwayen", yaani raia, naye akasema Mungu haiti watu wake kwa kadi ya chama. Noeli ikafanywa siku ya kazi. "Hata mara ya kwanza," alisema, "Yesu hakuomba ruhusa kwa serikali ili azaliwe."

Kisha ikaja ngoma ya chama. Kila mtaa, kila kazi, ilibidi itoe kundi la kucheza. Baba wa watoto saba, mwalimu aliyewahi kutuchapa kwa kukosa adabu, alitoka mbele ya watu kutikisa makalio kwa heshima ya picha ya Kiongozi wa nchi. Na baadaye aliulizia kama alionekana vizuri.

Aliyesimamia ngoma hizo alikuwa Bokungu, mtoto wa askari wa kambi ya jeshi, mzaliwa wa Ekwateri, mkoa wa mbali anakotoka Kiongozi. Siku moja aliingia kanisani katikati ya mazoezi, kofia kichwani.

"Sitwayen Kalenga, bantu bako banaimba muzuri. Lakini banasimama sawa miti ya umeme."

"Kalenga ni babu yangu," alijibu Timothée. "Kama unamutafuta, enda Kabongo, uchimbe."

Kwaya nzima ilicheka. Noémie, binti yake wa mwisho, aliyebeba sauti ya juu, alicheka kuliko wote.

"Cheka tu, Papa," Bokungu alisema. "Komisere, mukubwa wa mkoa yote, anafika na treni Jumamosi. Kwaya itamuimbia. Ukikatala, tutatia kanisa kufuli, na hawa bantu nitabakamata minyi mwenyewe, nibafundishe kucheza."

Usiku huo Augustine, mke wake, alimwekea bukari, ule ugali wetu, akamwambia: "Mupe wimbo moja, maneno iishe."

"Minyi nimupe muntu wimbo ya Mungu?"

"Basi tunga ingine."

Akatunga. Akatunga kwa Kiluba, lugha ambayo Komisere hakuijua wala Bokungu. Wimbo ulisema kwamba kila mkubwa ataoza, mchwa watakula manyoya ya kofia yake, mbuzi watalala juu ya kiti chake, na Mfalme asiyeoza ni mmoja tu. Waimbaji walifundishwa wimbo huo huku wakiziba midomo.

"Tata, na akiuliza maana?" alisema Noémie.

"Mumujibu ni wimbo ya wafalme. Hapana uongo."

Jumamosi Timothée alichora maduara yake kwenye jukwaa la stesheni. Komisere alishuka, tumbo mbele, fimbo mkononi, akaketi kwenye kiti kilichopambwa kwa matawi. Kwaya ikaimba. Nyuma, mama mmoja muuza samaki kutoka Bukama aliuma kitenge chake asipasuke kwa kicheko. Wazee walitazama viatu vyao. Mji mzima ulimsikia mkubwa akiambiwa kwamba ataoza, naye akitikisa kichwa kwa kuridhika. Papa Timothée hakuwahi kuwa na furaha kama ile, na nadhani hapo ndipo alipoteleza, maana furaha ya namna hiyo inafanana sana na majivuno.

Mwisho wa ubeti wa kwanza Komisere aligonga fimbo chini. "Mbona hawachezi? Wimbo hii iko na miguu!"

Bokungu alingoja neno hilo tu. Ngoma zake zikaingia. Timothée aliinua mkono kuwashikilia waimbaji, lakini hakuna aliyeutazama. Mguu wa Noémie ukatoka kwenye duara. Ukafuata wa jirani yake, kisha ya wanaume wa sauti nzito, watu wazima wenye wajukuu, na chaki yote ikafutika chini ya nyayo. Komisere aliinuka, akaingia katikati, akaucheza wimbo wa kuoza kwake mwenyewe. Ujinga wake haukumuumiza Timothée. Kilichomuumiza ni wale waliojua Kiluba: mama wa samaki alipiga vigelegele, na wazee walioinamisha macho walikuwa wanaruka. Walielewa kila neno, na walicheza.

Nyumbani Noémie alisema: "Tata, maneno tuliimba yote. Hatukuacha hata moja."

"Na miguu ilikuwa inasema nini?"



Juma lile Bokungu alirudi, amefurahi kama mleta posa. Kwaya yote inakwenda Lubumbashi, iwe kundi la mkoa, ikae huko, na chumba na mshahara. Wimbo nao unakwenda, ila pale penye Mfalme asiyeoza, ambapo Bokungu aliambiwa tu pana neno "mfalme", litawekwa jina la Kiongozi. "Papa, wimbo yako utaisikia mpaka mu redio!"

Timothée angeweza kuzuia safari hiyo kwa kufungua kinywa. Ilitosha kumwelezea Bokungu ule wimbo ulikuwa unasema nini, na asubuhi waimbaji wote wangekuwa jela badala ya Lubumbashi, Noémie mbele yao. Akafunga kinywa. Alimwomba binti yake tu abaki.

"Nibaki nifanye nini, Tata? Nisimame mu chaki?"

"Usimame mbele ya Mungu."

"Mungu iko na Lubumbashi pia."

Jumapili aliitwa aeleze habari za juma. Alisimama, akasema hakusikiliza redio, akaketi.

Mara ya mwisho alipowaona ilikuwa siku ya treni. Wote walivaa kitenge kipya chenye uso wa Kiongozi, mmoja kifuani na mwingine makalioni, na hakuna aliyeona aibu kuukalia. Timothée alisimama nyuma ya wauza mihogo. Ngoma zilikuwa zimeanza ndani ya behewa, na sauti nne zilikuwa zile zile, safi, hakuna iliyopotea njia. Noémie alimwona kupitia dirishani, akapunga mkono bila kuacha kuimba. Papa Timothée alitia mikono yake mfukoni, akaiacha humo hadi behewa la mwisho lilipopita.