Ombi la Pili la Mji wa Olmedo

Ukitaka kujua mji wa Olmedo una maoni gani juu ya jambo lolote lile, usijisumbue kwenda kwa meya. Nenda ghorofa ya chini, mlango ulio kando ya mashine ya soda, umuulize Idalina Borba. Kama mji una maoni, yeye ndiye aliyeyaandika. Kama hauna, atayaandika kabla ya saa sita mchana, maana hiyo ndiyo saa ambayo kamati za bunge la jimbo hufunga kupokea barua.

Alikuwa na umri wa miaka sitini na mmoja, na kazi hiyo alikuwa ameifanya kwa miaka ishirini na sita. Kila mwaka, milozi ikianza kutoa maua, waheshimiwa kule Sacramento, kwenye bunge la jimbo, hutoa miswada elfu mbili na ushei, na kila mmoja huwa na mkono wake wa kuchokonoa mifuko ya miji midogo. Mji hauna kura bungeni. Una barua tu. Tunaunga mkono. Tunapinga. Au ile ya watu waungwana: tunapinga mpaka urekebishwe. Kisha karani wa kamati huweka jina la mji kwenye orodha iliyo mwisho wa ripoti, ukurasa ambao hakuna anayeufikia, na barua inakwenda kulala na wenzake.

Baraza la mji halikuwa na muda wa kujadili kila mswada, kwa hiyo palikuwa na kitabu cha misimamo. Kila Januari madiwani walikipitisha, kati ya ripoti ya mbwa wazururaji na kuahirisha kikao, wala hakuna aliyekifungua. Mswada ukiangukia kwenye mstari mmojawapo wa kitabu, barua ilikwenda bila kura, ikiwa na sahihi ya meya. Mstari wa tisa ulisema mji utapinga sheria yoyote inayoulazimisha kufanya kazi bila kuupa fedha za kuifanya. Mstari huo aliutunga Idalina mwenyewe zamani, akiwa bado na nguvu za kutunga, na tangu hapo alikuwa akiunakili tu.

Mwezi wa tatu ukaja mswada wa Seneta Araceli Monroy. Ulisema hivi: kijiji chochote ambacho visima vyake vimekauka, na bomba la mji liko karibu, mji huo utalazimika kukiunganishia maji.

Idalina aliusoma mara mbili, akavua miwani, akakaa. Nusu maili nje ya mpaka wa Olmedo kuna kitongoji cha Pixton, nyumba sitini na kitu, na katika mojawapo anaishi Delfina, mdogo wake wa tumbo moja. Kisima cha Delfina kilikauka kiangazi cha mwaka juzi. Mashamba makubwa ya milozi yalichimba chini zaidi, yakanywa maji yote, basi. Tangu siku hiyo mwanamke wa miaka hamsini na sita anaishi na tangi la plastiki uani, linalojazwa na lori pale lori linapojisikia, na mara mbili kwa wiki anakwenda kwa dada yake na taulo begani.

Alipanda juu kwa meneja wa mji, Bwana Hoekstra, kijana wa watu wa ng'ombe wa maziwa aliyesoma akasahau harufu ya zizi.

"Mstari wa tisa huo, mama," Hoekstra alisema kabla Idalina hajaketi. "Tunapinga."

"Najua. Ila nilifikiri tuseme tunapinga mpaka urekebishwe. Tuombe jimbo lilipie bomba. Likilipa, sisi tuna neno gani tena?"

"Sawa, andika. Na ombi la pili uliweke, kama kawaida."

Huo ndio ulikuwa utaratibu. Barua ya Olmedo huwa na maombi mawili siku zote: kubwa la kuombea, na dogo la kushikia kama kubwa likikataliwa. Na ombi dogo halikuhitaji hata kufikiriwa, lilikuwa lile lile kila mwaka: ama sivyo, miji yenye watu chini ya elfu hamsini isiguswe na sheria hii. Olmedo ina watu elfu thelathini na moja.

Idalina alitumia siku mbili nzima kwenye ombi la kwanza. Alitafuta mfuko wa jimbo ambao ungeweza kulipa, akaweka kifungu, akaweka maneno kamili ya kuingizwa, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi aliona raha kuandika. Ombi la pili alilinakili kutoka barua ya mwaka uliopita, akaongeza mstari wa kufungia: moja kati ya haya likikubaliwa, mji utaondoa pingamizi. Katika miaka ishirini na sita hakuna aliyewahi kukubali lolote. Aliituma kabla ya saa sita. Wiki hiyo hiyo miji mingine minane midogo iliiomba, ikabadilisha jina la juu, ikaituma kama ilivyo. Huo nao ulikuwa utaratibu.

Jumatano Delfina alitoka bafuni nywele zikimdondoka maji, akajikatia mkate mtamu wa Kireno bila kukaribishwa.

"Padri katutafutia basi," alisema. "Jumanne tunakwenda Sacramento, Pixton nzima. Tutasema mbele ya kamati. Na wewe utakuwepo?"

"Nitakuwepo."

"Kutuunga mkono?"

Idalina aliendelea kufuta meza iliyokwisha kuwa safi. "Mji unapinga, Delfina."

"Mji! Mji ni nani? Mji ni wewe na ile kompyuta yako."

"Tunapinga mpaka warekebishe. Nimeomba jimbo lilipe bomba. Wakikubali, mtapata maji haraka zaidi."

Delfina alitafuna akimtazama. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema, kisha akacheka kumwondolea uzito, akambusu utosini. "Haya, mpingaji wangu. Nikopeshe mashine ya kukaushia nywele."

Jumanne Idalina aliendesha gari saa mbili na nusu kwenda kusema sentensi moja. Mbele ya kamati ni hivyo: wawili wa kila upande hueleza kwa dakika chache, wengine wote hupanga foleni kwenye kipaza sauti, unataja jina, unapotoka, na msimamo wako, unaondoka. Ukiongeza neno, mwenyekiti anakukata. Watu wa Pixton walipanga foleni wamevaa nguo za kanisani. Mzee mmoja alisema jina lake akashindwa kuendelea, akapunga mkono tu. Delfina alisema, "Delfina Borba, Pixton, naunga mkono," akaenda kukaa, ameshikilia mkoba kwa mikono miwili kama mtu aliye hospitali.

Idalina alisimama upande wa pili, peke yake. Ile miji minane haikuleta mtu. Magoti yalimuuma, na alitamani siku iishe.

Kabla hajasema, Seneta Monroy aliomba nafasi. Alihitaji kura moja zaidi, na kura hiyo ilikuwa ya mjumbe mwenye miji midogo katika eneo lake.

"Nimesoma barua ya Olmedo," alisema. Idalina alishtuka, hajapata kusikia mtu akisema hivyo. "Fedha za bomba jimbo halina mwaka huu. Lakini ombi lao la pili naweza kulikubali leo hii. Miji ya chini ya watu elfu hamsini tutaiondoa. Ila kwa sharti waondoe pingamizi. Kama bado wanapinga, sina sababu ya kuwapa, nitabaki na mswada wangu ulivyo na tutapiga kura hivyo hivyo."

Mwenyekiti aligeuka. "Olmedo yupo?"

"Nipo."

"Msimamo wenu?"

Idalina alielewa yote kwa mara moja, kwa sababu hiyo ndiyo kazi aliyoijua. Akisema tunapinga, Pixton inabaki ndani ya mswada. Pengine utapita kwa bahati, pengine utakufa, lakini nyumba ya Delfina itakuwemo. Akisema hatupingi, utapita, na vijiji vya kando ya miji mikubwa vitapata maji, na Pixton itakuwa nje. Wajumbe tisa walimtazama. Meneja hakuwepo. Meya hakuwepo, na wala meya hakuisoma barua aliyoitia sahihi. Hakuna ambaye angemfanya lolote, mwanamke aliyebakiza miaka minne kustaafu.

"Idalina Borba, kwa niaba ya mji wa Olmedo," alisema. "Mji unaondoa pingamizi."

Kura zikapigwa. Mswada ukapita, na watu wa Pixton wakapiga makofi mpaka mwenyekiti akagonga meza. Mchuma janga hula na wa kwao, lakini hawa walisikia miji ikiondolewa, na wao si mji, kwa hiyo walikuwa bado hawajajua wanakula nini.

Nje, kwenye ngazi, Delfina alimrukia shingoni. Alikuwa analia.

"Nilijua hutanitupa, dada! Nilijua tu! Nikamwambia padri, mwenye sauti ile ni dada yangu, ameuondoa upinzani, hawakumtuma hivyo!" Nyuma yake yule mzee aliyeshindwa kusema aliushika mkono wa Idalina, akautikisa, hakuuachia.

"Delfina."

"Bomba litafika lini? Kabla ya kiangazi?"

Dereva wa basi alipiga honi. Idalina angeweza kungoja. Angeweza kumwacha apande, aimbe njia nzima na wenzake, asome gazetini. Lakini alikuwa amechoka kupita kiasi, hata uongo wa kunyamaza ulimshinda.

"Halifiki," alisema. "Hamumo. Miji midogo imetolewa, na Olmedo ni mji mdogo. Ndicho alichokubali yule seneta."

Mzee aliuachia mkono. Delfina alifuta uso polepole kwa kiganja.

"Nani aliomba tutolewe?"

"Mimi. Niliandika mimi. Nilidhani watachukua lile la kwanza."

Delfina alitazama basi, akawatazama wenzake waliokuwa bado wanapigana picha mbele ya jengo la bunge, wamekumbatiana, wakicheka.

"Pale walipokuuliza," alisema. "Ungesema bado mnapinga, tungebaki ndani?"

"Mngebaki."

"Na kulikuwa na mtu wa kukuzuia?"

"Hakukuwa na mtu."

"Basi mbona hukusema, dada?"

Idalina alitafuta jibu. Alilitafuta kwa haki kabisa, kwa sababu mdogo wake alikuwa anauliza kwa kutaka kujua, si kwa kumsuta. Akafungua mdomo, na kilichotoka ndicho pekee kilichokuwemo.

"Barua ilikuwa imeshasema."