Earbuds Tulizozijaribia Posho Mill

Kazi yangu ni kusikiliza. Watafiti huenda huku na huko wakirekodi watu, wananitumia rekodi, nami naandika kila neno lililosemwa, pamoja na pale mtu alipocheka au kunyamaza. Naifanyia nyumbani, mtaa wa Section 58, kwenye meza iliyobanwa kati ya kitanda na dirisha. Kwa miaka minne earphone za waya zilizokuja na simu zilinitosha. Upande wetu ulikuwa umetulia. Mchana ungesikia mtu akifua, au redio ya jirani, basi.

Kisha ploti ya nyuma ikakodishwa na fundi wa mbao. Alikuwa mtu mzuri, wa kusalimia, na siku za kwanza alinitengenezea rafu ya vitabu akakataa kuniharakisha malipo. Lakini alikuja na mashine ya kuranda. Saa mbili asubuhi inawashwa, na haizimwi mpaka jioni. Mngurumo ule ulipita ukutani ukaingia kwenye mbao za meza, nikawa nausikia hadi kwenye viwiko. Nikaongeza sauti ya rekodi. Ikifika saa kumi masikio yananiuma, na bado kila ukurasa una "haisikiki" mahali pengi. Wiki ya tatu, mtafiti mmoja aliyekuwa akinipa kazi nyingi kuliko wengine wote alinirudishia faili. Aliandika kwa upole. Alisema ameisikiliza mwenyewe, na sehemu nyingi nilizoziacha wazi zinasikika vizuri tu.

Nilisoma ujumbe ule mara mbili, nikavaa viatu, nikaenda town. Kando ya barabara, kwa mtu aliyetandaza bidhaa zake juu ya turubai, nilinunua earbuds za bluetooth, zile ndogo zisizo na waya. Kasha lilikuwa jeusi, linang'aa, na nje limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba zinazima kelele. Nilizijaribu palepale kwa wimbo mmoja, nikaridhika. Nyumbani, fundi alipowasha mashine, ndipo nilipojua. Rekodi ilisikika vizuri, na randa nayo ikasikika vizuri vilevile.

Hali ilikuwa hivyo mama alipokuja kutoka Mau Narok, na viazi nusu gunia, kwa ajili ya miadi yake ya kliniki ya macho.

Mama aliendesha posho mill miaka ishirini na miwili. Alianza kama mwanamke wa kumimina mahindi, na mwishowe mwenye mashine alimwachia kila kitu mkononi mwake, funguo pamoja na ufundi. Watu walikuwa wakipita vinu vingine viwili wakija kwake, kwa sababu unga wake haukuwa na chenga wala harufu ya kuungua. Magoti ndiyo yaliyomtoa kazini. Mashine nayo ilikuwa imekwisha kuchukua sehemu ya usikivu wa sikio lake la kushoto, na tangu utoto mimi na ndugu zangu tulijua kwamba ukitaka kumwambia mama kitu, unakaa upande wa kulia.

Asubuhi ya kwanza alikaa kitandani akinitazama nikikunja uso mbele ya laptop.

"Hiyo mashine huwa inapiga hivi kila siku?" akaniuliza.

"Kila siku isipokuwa Jumapili."

"Na wewe kazi yako ni kusikia watu."

"Ndiyo."

"Basi tafuta kitu kizuri. Usikubali kuzibwa masikio ukiwa mtoto hivi."

Nina miaka thelathini na nne, lakini sikubishana.

Siku iliyofuata, tulipotoka kliniki, macho yake yalikuwa bado na ukungu wa ile dawa wanayoweka kabla ya kupima. Nilimshika mkono tukapanda ngazi hadi kwenye jengo moja la maduka madogo ya simu. Rafiki yangu alikuwa amenielekeza kwa mwanamke mmoja huko juu. Tulimkuta ameketi nyuma ya kaunta ya kioo, mwanamke wa rika langu, mwenye sauti ya chini, akibadilisha kioo cha simu ya mtu. Nilimwonyesha earbuds zangu za turubai. Akazigeuza, akasoma nyuma ya kasha, pale penye maandishi madogo.

"Ulikuwa unataka zikufanyie nini?"

"Zizime kelele."

"Kelele ya nani?"

Sikuelewa. Akaniwekea kasha mbele, akaonyesha herufi tatu kwa ncha ya bisibisi.

"Hapa wameandika ENC. Hiyo ni ya maikrofoni. Ukipiga simu ukiwa stage, mwenye unaongea na yeye hasikii makanga wakiita abiria. Lakini wewe unawasikia wote. Yenye unatafuta ni ANC. Hiyo ndiyo inapunguza kelele kabla ifike kwa sikio yako. Wengi huchanganya, hata wenye wanauza."

Nimenunua vitu vingi maishani, lakini ni mara chache muuzaji ameniuliza maswali kama yale. Aliuliza nitazivaa saa ngapi kwa siku, nikamwambia sita au saba. Aliuliza kama natumia simu au laptop, nikasema zote mbili, naye akaweka kando jozi moja kwa sababu haiwezi kuunganishwa na vyombo viwili kwa pamoja. Aliangalia masikio yangu, akasema ni madogo, nitahitaji ile mipira ya kuingia sikioni ya saizi ya chini. Mwisho kabisa ndipo aliponiuliza nina kiasi gani. Nilimtajia, nikijiandaa kuona uso ukibadilika. Haukubadilika. Kulikuwa na jozi ya bei kubwa kwenye kioo, ya rangi ya maziwa, nami nilikuwa nimeanza kuitazama kwa tamaa. Akaona.

"Hiyo ni nzuri," akasema, "lakini pesa nyingi hapo ni ya jina. Kazi yako haihitaji jina."

Akapanga jozi tatu mbele yetu, zote ndani ya uwezo wangu. Nikaanza na ya kwanza. Ilikuwa kama zile nyingine zote: nzuri. Ya pili nzuri. Ya tatu nzuri. Nilishindwa kuchagua, nikageukia makasha nikaanza kusoma maandishi.

Mama, ambaye kwa siku ile hakuweza kusoma kasha lolote, alikuwa ameinamisha kichwa akisikiliza duka.

"Hapa hakuna kelele," akasema. "Sasa utajuaje?"

Mwenye duka akaweka bisibisi chini. "Ni ukweli, mathe. Watu hujaribia hapa, wakifika nyumbani wananirudia na maneno."

"Posho mill ya karibu iko wapi?"

Nilidhani mwanamke yule atacheka. Alitazama mlangoni, akatazama simu aliyokuwa akiitengeneza, akamwita jirani wa kaunta ya pili amwangalizie vitu. Kisha akatia jozi tatu kwenye mkoba wake. "Iko moja nyuma ya soko," akasema. "Twendeni."

Mpaka leo namfikiria mwanamke yule akifunga mkoba. Alikuwa na kazi mezani na wateja wengine njiani, na sisi tulikuwa watu wa jozi moja ya bei ya chini.

Posho mill ilikuwa chumba kimoja cha mabati. Mwenyewe alikuwa mwanaume wa makamo, mweupe kwa unga hadi kwenye nyusi, na wateja wawili walikuwa wakingoja na madebe yao. Mama hakuingia hivi hivi. Alisimama mlangoni mpaka yule bwana alipomwona, akamwambia kwa sauti ya juu, ya watu wa mashine, kwamba amefanya kazi hii miaka ishirini na miwili, na kwamba tunaomba kusimama pale dakika chache.

"Basi hapa ni kwako," yule bwana akajibu, akaendelea kumimina.

Nilifungua taarifa ya habari niliyokuwa nayo kwenye simu, nikaweka sauti ya wastani, nikavaa jozi ya kwanza. Mngurumo ulipungua kidogo tu, na chini ya maneno ya mtangazaji kukawa na mchirizi mwembamba, kama maji yanayokaribia kuchemka. Saa saba za mchirizi ule zingenimaliza. Jozi ya pili iliua mngurumo kwa nguvu hivi kwamba niliangalia mashine nikidhani imezimwa. Nilifurahi. Lakini nilipogeuza shingo iliniuma ndani ya sikio, na hata tulipobadilisha mipira iliendelea kunibana. Ya tatu haikukata kama ya pili. Mashine ilibaki mbali, kama inasagia nyumba ya nne kutoka kwetu, na sauti ya mtangazaji ikaja mbele, safi, hadi pumzi aliyovuta kati ya sentensi niliisikia.

"Mpe mathe pia," mwenye duka akasema karibu na sikio langu.

Mama alivaa jozi ya tatu. Nilizima taarifa ya habari ili asikilize ukimya peke yake. Alisimama ameelekeza sikio la kulia kwenye mashine, mikono nyuma, macho yake yenye ukungu hayatazami chochote. Nilimjua katika msimamo ule. Nilimwona hivyo nikiwa na miaka minane, nimeketi juu ya gunia nikingoja afunge kazi. Akainua mkono.

"Iko na beringi inalia," akasema.

Yule bwana hakusikia. Akarudia kwa nguvu zaidi, akaonyesha upande wa ndani, nyuma ya mkanda.

"Mimi sisikii kitu," bwana akasema.

"Huwezi. Ule mngurumo umeifunika. Hata mimi kabla niweke hivi vitu sikuwa naisikia. Zima, uguse."

Alimalizia debe lililokuwa mdomoni mwa mashine, kisha akabonyeza kitufe chekundu. Tulingoja mpaka kila kitu kiliposimama. Akasogeza mgongo wa mkono wake hadi pale mama alipoonyesha, na hakuufikisha. Aliurudisha haraka.

"Imeiva kwa moto," akasema taratibu.

"Uliweka grisi lini?"

Bwana alijaribu kukumbuka, akashindwa. Mama akamweleza namna ya kuifungua, na kwamba abadilishe leo, maana ikijifunga huku mota inavuta, itaharibu na shafti. Bwana alimsikiliza akiwa amevua kofia. Aliwaomba radhi wale wateja wawili, akampigia fundi simu. Mwenye duka la earbuds alikuwa amesimama kando yangu, mkoba kifuani. "Mimi nimeuza hizi vitu miaka sita," akaniambia, "na sijui mtu mwenye amewahi kuzitumia hivyo."

Maisha yangu yote nilimfikiria mama kama mtu ambaye mashine ilimharibia masikio. Sikuwahi kufikiri kwamba anasikia kuliko sisi wote.

Nilichukua jozi ya tatu. Tukiwa njiani kurudi, mwenye duka aliniambia nisitarajie miujiza: zitakata sauti ya kuendelea, kama mota au feni, lakini mtu akiniita au nyundo ikianguka nitasikia. Hapo mama akamgeukia.

"Kama ningekuwa na hizi nikisaga, sikio langu lingekuwa zima?"

Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Angeuza jozi nyingine papo hapo.

"Hapana, mathe," akasema. "Hizi ni za kusikiliza, si za kukinga. Kwa mashine unataka zile kubwa za kufunika sikio lote, zenye mafundi huvaa. Mimi siuzi, lakini kwa hardware ziko, na si bei mbaya."

"Miaka ishirini na miwili," mama akasema, "na hakuna mtu aliniambia." Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayejua sasa la kufanya. Tukapitia duka la vifaa vya ujenzi, naye akanunua mbili, za manjano, akakataa nimlipie.

Asubuhi fundi alipowasha randa nilikuwa tayari nimevaa earbuds, faili lililorudishwa liko wazi mbele yangu. Nililirudia lote kwa siku mbili. Penye "haisikiki" palibaki mahali pachache, na hapo ni kweli upepo ulikuwa umepita kwenye maikrofoni ya mtafiti. Nililituma, na kabla ya chakula cha mchana alikuwa amenijibu asante, na kunitumia rekodi nyingine tatu. Mama alikuwa kitandani akimenya viazi. Nilipomweleza, aliitikia kwa kichwa tu, akaniuliza kama nina chumvi ya kutosha.

Baada ya wiki alinipigia kutoka Mau Narok. Alikuwa amepeleka zile za manjano kwa wanawake wawili wanaoendesha mashine yake ya zamani, akasimama hapo mpaka wakazivaa.

"Wamezikubali?" nikamuuliza.

"Wanasema zinabana kichwa na zinatoa jasho." Kisha akaongeza: "Nimewaambia nitakuwa napita kila siku mpaka wazizoee. Na huwa napita."