Jina la Babu Kwenye Mafaili ya Reli

Juzi, kwenye stesheni ya zamani ya Morogoro, mwanafunzi mmoja alimuuliza mlinzi yalipo mafaili ya kampuni ya reli ya enzi za mkoloni. Mlinzi akasema hajui. Mimi nilisikia tena harufu ya moshi.

Nilikuwa mdogo, natoka kuuza maandazi ya mama. Ilisemekana mwekezaji anakuja, hivyo vyumba vya stesheni hiyo vilikuwa vinasafishwa. Nyuma ya ofisi vibarua walitupa mafaili motoni. Yalinuka gundi na mende, na majivu yalipepea kuelekea milimani.

Babu, aliyelaza mataruma ya reli ujanani, alizoea kusema, "Jina langu limo mle ofisini. Maadamu limo, nami nipo." Niliamini uhai wake umefungiwa mle. Nikakimbia na beseni kichwani, nikitega sikio nisikie vilio kutoka uani kwetu.

Nilimkuta mkekani, anamenya muhogo. Hata shikamoo niliisahau, nikamshika mkono. Ulikuwa na joto.

"Babu, wamechoma jina lako!"

Akacheka. "Mimi ninaye mjukuu wa kunitaja."

Nikashusha pumzi. Lakini kicheko chake kilikatika, akaweka kisu chini.

"Na wale wenzangu tuliowazika kando ya reli," akauliza, "nani atawataja?"

Sikumwelewa, nikaomba kipande cha muhogo.

Juzi nilimfuata yule mwanafunzi, nikampa jina la babu. Akafungua kalamu, akaniuliza, "Na wengine?"