Maneno kwenye Kona ya Picha

Nichekeni, lakini taratibu.

Nina miezi minne Kigali. Nimetoka Tanga, nahariri picha kwenye studio moja ya Muhima, na sina mtu. Kila Jumapili hujipiga picha, nikaiandikia maneno kwenye kona, nikamtumia mama.

Juzi nilijifunza kutoa picha kwa mkupuo: unahifadhi mipangilio ya rangi na maandishi mara moja, kompyuta inazimaliza zote yenyewe. Nilijaribia kwenye picha yangu ya kumtumia mama, nikahifadhi mipangilio kwa jina "Safi". Nikajiona fundi!

Jumatatu zikaja picha za harusi moja ya huko Gahanga. Nikaziweka kwenye folda ileile yenye picha yangu, nikachagua zote, nikabonyeza "Safi", nikaenda kunywa chai. Kuzikagua? Ya nini, wakati kompyuta haikosei! Nikazipeleka mwenyewe kwao bibi harusi.

Ukoo mzima ulikaa mbele ya televisheni. Pete, padri, keki, mashangazi: kila picha ina maneno meupe kwenye kona. Mama wa bibi harusi, aliyekulia Tanzania, akavaa miwani akasoma kwa sauti na kuwatafsiria wenzake:

"Mama, usijali, huku nina marafiki wengi."

Wakacheka mpaka machozi. Nami nikacheka, maana maneno yenyewe hayakuwa na jina langu.

Ndipo ikatokea picha ya mwisho. Ni mimi, nimekaa kitandani, sahani moja ya wali mapajani, na maneno yaleyale kwenye kona.

Kicheko kikakatika. Yule mama akavua miwani, akanigeukia.

"Mwanangu," akasema, "hao marafiki wako wapi?"