Bomba Alilolichagua Mama

Nilisikia kabla sijaona. Ilikuwa asubuhi mapema, na ndani ya ukuta wa chumba cha mama kitu kilikuwa kinafyonya. Nilidhani ni mama, nimemkera kwa kuchelewa kuamka. Nikageuka. Kaketi kitandani, tasbihi mkononi, ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyefyonya. Kisha sote wawili tukautazama ukuta. Doa la maji lilikuwa linateremka polepole kwenye plasta, palepale lilipopita bomba jipya.

"Umesikia?"

"Nshasikia, mama."

"Basi mwite kaka yako."

Bomba lile lilitiwa mwaka uliotangulia, mama akiwa katika eda. Baba alikuwa ametutoka, mabomba ya chuma aliyotuachia yakitoa maji mekundu ya kutu, na kaka yangu mkubwa akaamua kutia shaba nyumba nzima: huku chini kwa mama, na ghorofa ya juu alikokuwa akitengeneza vyumba vya wageni. Mama hakuweza kwenda dukani kuchagua, wala kusimama mbele ya fundi. Akakaa nyuma ya pazia, nami nikawa mkono wake upande wa pili.

Fundi alinipa vipande viwili nimpelekee. Kwa nje vilikuwa mapacha, upana mmoja na mng'aro mmoja. Ungevitazama mdomoni ndipo ungeona kuwa kimoja kina kuta nene na cha pili kuta zake nyembamba kama ganda la yai. Mama hakutazama. Alivipima uzito kiganjani, akavibonyeza kwa kidole gumba, akavigonga kwa pete yake. Kile chembamba kikalia. Kizito kikaitika tu.

"Hiki," akasema, akinirudishia kizito. "Kuta zetu zina chumvi. Masika yakija zinatoka jasho. Sinia langu la shaba nililiegemeza humu ndani, likatoboka."

Kaka alicheka kutoka upande wa pili wa pazia. "Mama, bomba si kanga, halichaguliwi kwa kupapaswa."

"Kanga ikichanika ntaishona, baba. Ukuta ntaushona kwa uzi gani?"

Fundi alicheka mpaka akakohoa. "Hapo Bi mkubwa keshamaliza."

Nikampa kaka kile kipande kizito. Akakipokea, akasema, "Haya."

Zikafuata nyundo. Vumbi la chokaa likaingia mpaka kwenye chai. Mama aliisikiliza nyumba yake ikichimbwa asiione. Alipotoka eda, ukuta ulikuwa umeshapakwa, mweupe, laini. Akaupitisha kiganja kama anayembembeleza mtoto, akamgeukia kaka: "Mungu akulipe, mwanangu."

Sasa kaka alikuja kutoka kwake Kiembe Samaki na fundi yuleyule. Ukuta ukavunjwa. Fundi akakata kipande kilichovuja, kina vidoa vya kijani na vitundu vidogo kama vya sindano, akawa anakizungusha mkononi. Safari hii hapakuwa na pazia. Mama alinyoosha mkono, akakichukua, akakibonyeza kwa kidole gumba.

Kikabonyea.

"Hiki ndicho nlichokichagua mie?"

"Mabomba manene yalikuwa machache dukani," kaka akasema. "Nikayapeleka juu. Wageni hao, mama. Bafu la mgeni likivuja, anatuandika huko mtandaoni, ulimwengu mzima unasoma."

"Na la mama yako likivuja?"

"Utakuja kwangu. Chumba kipo, kikavu kabisa. Mpaka ukuta utengenezwe."

Alijibu haraka mno. Jibu lile halikutungwa asubuhi ile. Lilikuwa limelazwa ukutani pamoja na bomba, likisubiri masika.

Ukuta wa mawe na chokaa ukishalowa hauharakishwi, fundi alisema, uachwe ukauke wenyewe. Hakusema mpaka lini. Kesho yake nilimkuta kaka chumbani kwa mama na futi kamba, anapima kutoka dirishani mpaka mlangoni, kama alivyovipima vile vya wageni. Nilimuuliza anapima nini, naye akaniambia nimshikie ncha. Sikuishika.

Mama alifunga kanga zake, msala na tasbihi. Sinia lililotoboka aliliacha. Kaka alitangulia na begi, maana gari haliingii kwenye kichochoro chetu. Tulipofika ukumbini, mgeni wa juu alifungua maji ya kuoga. Yakapita juu ya vichwa vyetu ndani ya lile bomba nene, kwa utulivu, bila kufyonya, bila kulalamika. Mama alisimama, akainua uso, akasikiliza kama anavyosikiliza adhana.

"Zuri," akasema. "Nlichagua vizuri."

Akavuta buibui lake, akavuka kizingiti bila kugeuka. Mlango wetu ni mzito, haufungiki mpaka uusukume kwa bega. Nikausukuma, ukafungika nyuma yake.